JOTO LILILOFICHWA KATIKA KUNI
Habari za jinsi watu walivyojifunza kulipima

Kitu kinachotumika kila siku ndicho watu wasichokiulizia habari zake. Katika nyumba zetu za Iringa hakuna kitu kinachoshikwa mara nyingi kuliko ukuni. Mama huuokota, mtoto huubeba, mzee hujikunyata karibu nao wakati wa baridi ya Juni na Julai. Lakini ukiuliza, "Je, joto hili lilikuwa wapi kabla ya kuwashwa moto? Tena ni kiasi gani?" wengi watacheka, kana kwamba swali hilo halina jibu. Kumbe lina jibu, na jibu lake lilitafutwa na watu wenye elimu kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nataka kuwasimulia, wasomaji wapenzi, habari za kutafutwa kwake, kisha tuone jibu hilo latufaa nini sisi wakaao katika nyanda hizi za juu kusini.

Wazee wetu na moto wao

Kwanza tusidhani ya kuwa wazee wetu hawakujua neno. Hawakuwa na mizani ya joto, lakini mikono na macho yao yalikuwa mizani. Wakinga wa milima ya Livingstone walisifiwa sana kwa kufua chuma, na majembe yao yaliuzwa hata kwa Wanyakyusa walio bondeni. Kwa jirani zetu wa Ufipa yalijengwa matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, makubwa kuliko kimo cha mtu, ambayo moto wake uliwaka kwa kuvuta upepo wenyewe bila mivukuto. Padre mmoja wa Shirika la Mapadre Weupe, jina lake Wyckaert, aliandika habari za wafua chuma wa nchi za Tanganyika zikachapwa mwaka 1914, na kwa maandiko kama hayo twajua mengi ambayo yangalisahauliwa.

Wafua chuma hao hawakutia kuni mbichi katika tanuri, wala hawakutia mti wo wote ilimradi ni mti. Walichagua miti mizito, wakaichoma kwanza iwe makaa, ndipo wakayatumia makaa. Kwa nini? Kwa sababu mawe ya chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, yaani ile hewa iliyo ndani ya hewa tuivutayo. Ili chuma kitoke, yatakiwa mambo mawili: moto mkali sana, na kitu kitakachoinyang'anya ile oksijeni. Makaa hufanya yote mawili. Wazee wa Buhaya nao walikuwa na akili yao. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja Mwamerika, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wajenge tanuri kama zamani, akaona jinsi walivyochoma matete ya bwawani katika shimo lililo chini ya tanuri yakawa meusi kama makaa, kabla ya kutia mawe ya chuma. Matete yale yaliyoungua yaliongeza makaa mahali hasa yalipohitajiwa.

Basi, wazee walijua ya kuwa mimea haifanani motoni, na ya kuwa ile iliyochomwa ikawa makaa ina nguvu nyingine. Jambo ambalo hawakuwa nalo ni hesabu: ni joto kiasi gani limo katika kilo moja, nalo latoka wapi.

Barafu yapima moto

Hesabu hiyo ilianzwa Ufaransa. Wakati wa baridi ya mwaka 1782 na 1783 watu wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walitengeneza chombo cha ajabu. Kilikuwa kama sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine, na katikati pamejazwa barafu. Kitu cha kupimwa kiliwashwa ndani. Joto lake likayeyusha barafu. Maji yakatoka chini kwa mrija, yakapimwa uzito wake. Maji yakiwa mengi, joto lilikuwa jingi. Yakiwa machache, joto lilikuwa dogo. Waliyapima makaa kwa njia hiyo. Hata mnyama mdogo walimtia humo, wakaona ya kuwa mwili wa kiumbe nao huungua polepole kwa kuvuta oksijeni, kama vile makaa yanavyoungua, ila hauna mwali.

Lavoisier alifundisha ya kuwa kuungua ni kuungana na oksijeni. Kabla yake wengi walidhani ya kuwa moto ni kitu kinachotoka ndani ya ukuni na kwenda zake. Yeye alithibitisha kwa mizani ya kuwa hakuna kinachopotea: ukiukusanya moshi wote, na mvuke wote, na majivu yote, uzito wake ni uzito wa ukuni pamoja na oksijeni iliyouunguza. Mwaka 1794, wakati wa fitina kuu ya nchi yake, alikatwa kichwa. Lakini mafundisho yake yalidumu.

Watu waliomfuata walitaka kipimo cha joto. Kipimo kimoja kilichozoewa sana ni kalori kubwa, nayo ni joto litoshalo kuongeza digrii moja ya joto katika kilo moja, yaani lita moja, ya maji. Siku hizi wataalamu hutumia zaidi kipimo kingine kiitwacho jouli. Kalori kubwa moja ni sawa na jouli 4,184. Hapa nitatumia kalori kubwa, maana kila mtu anaweza kuifikiri akitazama sufuria yake ya maji.

Mtu aliyepoteza jicho

Mfaransa mwingine ndiye ambaye jina lake latajwa hata leo katika jambo hili: Pierre Louis Dulong, aliyezaliwa mwaka 1785. Kwanza alikuwa mganga, na husemwa ya kuwa aliwatibu maskini bila malipo. Kisha alijitia katika kemia, yaani elimu ya vitu na michanganyiko yake. Alipokuwa akichunguza mafuta fulani yapasukayo kwa nguvu, yalimpasukia, akapoteza jicho moja na vidole viwili. Hata hivyo hakuiacha kazi. Mpaka alipokufa mwaka 1838 alikuwa akipima joto la vitu mbalimbali viunguavyo.

Kanuni iitwayo kwa jina lake ni rahisi. Kuni, makaa, mkaa wa mawe, mafuta, vyote huungua kwa sababu ya vitu viwili hasa vilivyomo: kaboni, nayo ndiyo ile nyeusi ya makaa, na hidrojeni, nayo ni hewa nyepesi ambayo ikiungua hugeuka maji. Kilo moja ya kaboni ikiungua yote hutoa yapata kalori 8,080. Kilo moja ya hidrojeni hutoa yapata 34,500. Basi ukijua katika kilo moja ya kuni mna kaboni kiasi gani na hidrojeni kiasi gani, waweza kulijua joto lake bila kuwasha moto.

Lakini liko jambo moja la kuangaliwa. Katika kuni mna oksijeni pia, na hiyo haitoi joto. Kinyume chake, yaonyesha ya kuwa sehemu ya kuni imekwisha kuungana nayo, kama kwamba imekwisha kuungua tayari. Katika maji kila kilo 8 za oksijeni hushikana na kilo 1 ya hidrojeni. Kwa hiyo kanuni ya Dulong yasema: toa katika hidrojeni sehemu moja kwa kila sehemu nane za oksijeni, kisha hesabu hidrojeni iliyobaki tu.

Mtu alijuaje yaliyomo katika kuni? Hapo tunamshukuru Mjerumani, Justus von Liebig. Mwaka 1831 alieleza chombo chake cha kioo chenye vifuko vitano vidogo. Kipande kidogo cha kitu kilichopimwa vizuri kiliunguzwa chote katika mrija wa moto. Mvuke wa maji ukanaswa mahali pamoja, na hewa ya makaa ikanaswa katika vile vifuko vyenye maji ya potasi. Vyombo vilipimwa kabla na baada. Uzito ulioongezeka katika cha kwanza ulitoa habari za hidrojeni, na wa cha pili habari za kaboni. Iliyobaki, ukiisha kutoa majivu, ilikuwa oksijeni. Kazi iliyokuwa ikitaka ustadi wa watu wachache tu, sasa mwanafunzi aliweza kuifanya.

Hesabu tatu za ukuni mmoja

Kwa njia hiyo ilionekana jambo ambalo labda litawashangaza. Kuni zilizokaushwa kabisa, ziwe za mti gani, karibu zote zina mchanganyiko mmoja: katika kila kilo 100, kaboni ni karibu kilo 50, hidrojeni karibu 6, oksijeni karibu 43, na majivu karibu kilo 1. Haya, na tufanye hesabu ya Dulong kwa kilo moja.

Kaboni ni nusu kilo: nusu ya 8,080 ni 4,040. Hidrojeni ni gramu 60. Oksijeni ni gramu 430. Ukigawa kwa nane wapata karibu 54. Toa 54 katika 60, zabaki gramu 6 tu na kidogo, nazo zatoa yapata kalori 215. Jumla ni karibu 4,255.

Katika miaka ya 1880 Mfaransa Marcellin Berthelot alitengeneza chombo cha chuma chenye nguvu, kijazwacho oksijeni iliyoshindiliwa na kuzamishwa katika maji. Kitu huwashwa ndani kwa cheche ya umeme, kikaungua mara moja chote pia, na joto la maji likasomwa. Chombo cha namna hiyo, kilichotengenezwa vizuri zaidi, hutumika hata leo. Nacho hutoa kwa kuni kavu yapata kalori 4,600 au 4,700. Kumbe hesabu ya Dulong imepunguka, karibu moja katika kila kumi!

Kosa liko wapi? Liko katika kudhani ya kuwa oksijeni yote ya kuni imekwisha kutulia na hidrojeni kama ilivyo katika maji. Haikutulia hivyo. Nyingine imeshikana na kaboni, na kushikana kwake si kwa nguvu kama katika maji. Kanuni ile ilifaa sana kwa mkaa wa mawe, ambao oksijeni yake ni kidogo, na kwa hiyo wenye meli na magari ya moshi waliitumia miaka mingi. Kwa mimea, ambayo karibu nusu yake ni oksijeni, haikutosha.

Mwaka 1917 Mwingereza W. M. Thornton alionyesha njia nyingine. Aliona ya kuwa vitu viunguavyo, ingawa vyatofautiana sana, hutoa karibu joto lile lile kwa kila kilo ya oksijeni vinayoitumia. Joto hilo ni karibu kalori 3,130. Basi acha kuuliza ukuni una joto gani; uliza utakula oksijeni kiasi gani. Kilo 50 za kaboni hutaka oksijeni kilo 133. Kilo 6 za hidrojeni hutaka kilo 48. Jumla ni 181. Lakini ukuni una oksijeni yake mwenyewe kilo 43, kwa hiyo hewani huchukua kilo 138 tu. Zidisha kwa 3,130, kisha gawa kwa kilo 100 za kuni: kila kilo yatoa karibu 4,320. Hilo ni joto tulipatalo jikoni, mvuke ukiwa umetoka na moshi. Ukiongeza na joto linalokwenda na ule mvuke, yapata 315, jumla ni 4,635. Tazama, yalingana na chombo cha chuma!

Iko na njia ya tatu, kutazama si kaboni na hidrojeni, bali zile sehemu kubwa ambazo mti umejengwa nazo. Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838 aliloweka mbao za miti mbalimbali katika dawa kali, akaona ya kuwa zote zaacha kitu kimoja cheupe chenye nyuzi, ambacho mchanganyiko wake ni kama wa wanga wa chakula. Kitu hicho chaitwa selulosi. Pamba karibu yote ni selulosi. Kitu kile kingine kilichoondolewa na dawa, kinachozishika nyuzi kama saruji inavyoshika mawe, chaitwa lignini. Selulosi na ndugu zake hutoa karibu kalori 4,150 kwa kilo. Lignini, ambayo ina kaboni nyingi na oksijeni chache, hutoa karibu 6,100. Ikiwa ukuni una sehemu 72 za selulosi na ndugu zake, na sehemu 28 za lignini, hesabu ni karibu 4,700. Njia nyingine kabisa, na jibu ni karibu lile lile.

Kazi hii haikukoma. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Bara Hindi, Channiwala na Parikh, walikusanya vipimo vya vitu vingi viunguavyo, toka mafuta hata maganda ya mimea, wakatengeneza kanuni moja inayohesabu kaboni, hidrojeni, oksijeni, na hata majivu. Nayo hutumika sana.

Jambo hili laeleza na chakula chetu. Wanga wa mahindi na selulosi ya gunzi ni ndugu wa tumbo moja, na joto lao kwa kilo ni karibu sawa. Tumbo la mtu laweza kuufungua wanga, haliwezi kuifungua selulosi. Lakini moto haubagui. Ndiyo sababu punje huingia chunguni na gunzi huingia chini ya chungu, na yote mawili hufanya kazi moja.

Miti ya mkoa wetu

Sasa twende kwetu. Katika wilaya ya Mufindi liko shamba kubwa la miti la Sao Hill. Miti ilijaribiwa kupandwa huko toka mwaka 1939, na katika miaka ya 1960 na iliyofuata ilipandwa kwa wingi sana, hasa misonobari iliyotoka Meksiko, ambayo wengi huiita misindano. Kwa ajili ya miti hiyo kilijengwa kiwanda cha karatasi huko Mgololo, kilichoanza kazi mwaka 1985. Karatasi ni selulosi. Lignini lazima iondolewe, nayo hutoka pamoja na dawa kama uji mweusi. Katika kazi ya namna hii uji huo hautupwi: hukaushwa ukachomwa, na joto lake huendesha mitambo. Kile ambacho hakifai kwa karatasi ndicho chenye joto jingi zaidi. Mwenye kiwanda asiyejua mchanganyiko wa mti angelitupa moto wake mtoni, na kuwadhuru wanywao maji.

Huko Njombe, iliyokuwa ndani ya mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, shirika la serikali ya Uingereza la kuendeleza makoloni lilianzisha mwaka 1949 Kampuni ya Tanganyika Wattle. Miwati, miti iliyotoka Australia, ilipandwa kwa ajili ya maganda yake yatoayo dawa ya kulainishia ngozi. Maganda yakiisha kukamuliwa, hubaki takataka nyingi, pamoja na magogo. Mwaka 1995 kampuni ilianza kuendesha mtambo wa umeme wa kilowati 2,500 kwa kuchoma mabaki hayo na kuni. Nao wenye viwanda vya chai vya Mufindi hukausha majani kwa moto wa mikaratusi, ambayo wengine huiita milingoti. Watu hawa wote hununua kuni kwa wingi, nao hawawezi kukisia tu. Wakikosea hesabu ya joto, au mtambo hulala, au msitu huisha kabla ya wakati.

Huko Usangu, katika mkoa wa Mbeya, ziko pumba za mpunga kama vilima. Je, zaweza kuwa kuni? Zaweza, lakini yafaa kujua ya kuwa karibu sehemu 20 katika kila 100 za pumba ni majivu, tena majivu ya namna ya mchanga. Majivu hayaungui. Kwa hiyo kilo ya pumba kavu hutoa yapata kalori 3,500 tu, na mwenye jiko atakuwa na kazi ya kuzoa majivu. Kanuni yatuambia mapema kabla hatujajenga jiko.

Yatufaayo sisi

Sasa nafika kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika haya yote. Tumeona ya kuwa kilo ya kuni kavu ina joto karibu sawa, mti uwe wo wote. Hata msindano, ambao wazee wengi huudharau, kwa kilo hauzidiwi. Pengine huzidi kidogo kwa ajili ya utomvu na lignini yake. Basi wazee walikosea kupenda miti mizito? La, hawakukosea. Gogo la msindano huenda likawa na nusu tu ya uzito wa gogo la ukubwa ule ule la mti mzito wa porini. Mti mzito huwaka polepole, huacha makaa yadumuyo, na mpishi haamki kila mara kuchochea. Wazee walipima kwa ukubwa wa gogo, wataalamu hupima kwa kilo. Wote wamesema kweli. Lakini tusidanganyike kukata miti ya miaka mia kwa kudhani ya kuwa ina moto wa namna nyingine. Msindano wa miaka michache, ukigawanywa na kukaushwa, una moto ule ule, ila wataka vipande vingi zaidi.

Jambo kubwa kuliko mti ni maji. Kuni mbichi, zilizokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Maji hayo hayatoi joto. Tena hula joto, maana kila kilo ya maji hutaka karibu kalori 583 ili igeuke mvuke. Fanya hesabu kwa kilo moja ya kuni mbichi: nusu kilo ya mti yatoa 2,160, nusu kilo ya maji yala 290, yabaki yapata 1,870. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri juani na upeponi, ambazo maji yake ni sehemu moja katika tano, yatoa yapata 3,340.

Tazameni maana yake. Mama aliyejitwisha mzigo wa kilo 20 wa kuni mbichi, amejitwisha kilo 10 za maji, kutoka msituni hata nyumbani, akipanda na kushuka vilima vyetu. Mizigo mitano ya kuni kavu ina joto sawasawa na mizigo tisa ya kuni mbichi. Katika kila safari tisa, nne ni za bure. Na moshi unaomwumiza macho na kifua, yeye na mtoto aliye mgongoni, kwa sehemu kubwa ni kuni zilizopoa kwa sababu ya maji zisiweze kuungua sawasawa. Moshi mzito ni joto linalokimbia.

Kwa hiyo dawa yake si ngumu. Kuni zikatwe wakati wa kiangazi, zipasuliwe, zipangwe juu ya mawe au magogo zisiguse ardhi, upepo upite katikati, zifunikwe kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Na uchaga ule wa juu ya moto ambao bibi zetu waliuweka, si uchafu wa kizamani, ni elimu. Tena wanaume tusiseme, "Kuni ni kazi ya wanawake." Kupasua na kupanga ni kazi ya shoka, na shoka li mikononi mwetu.

Jambo la pili ni makaa. Kilo ya makaa mazuri ina karibu kalori 7,000, ndiyo maana wa mjini huyapenda: ni mepesi kuchukua na hayana moshi mwingi. Lakini katika tanuri ya udongo ya desturi, kilo 100 za kuni kavu hutoa labda kilo 15 za makaa. Kuni zile zilikuwa na kalori 432,000. Makaa yana 105,000. Robo tatu ya moto imekwenda hewani, haikupika chakula cha mtu. Jiko la makaa hulishika joto kuliko mafiga matatu, pengine mara mbili, lakini hasara ya tanuri ni mara nne. Wafua chuma wa kale walikubali hasara hiyo kwa sababu chuma hakiyeyushwi kwa kuni; walipata jembe. Sisi tunaokaa kando ya msitu, tukichoma makaa ili kuchemsha maharagwe tu, tumepata nini?

Mwisho, wasomaji, jaribuni wenyewe pamoja na vijana wa shule. Chukueni kipande cha ukuni mbichi, mkipime. Kiwekeni juani na juu ya uchaga, mkipime kila juma hata uzito usipungue tena. Tofauti ni maji mliyokuwa mkiyabeba. Kisha pigeni hesabu. Huku juu Iringa maji huchemka karibu digrii 95, si 100 kama pwani. Basi kuchemsha lita moja iliyokuwa na digrii 20 hutaka kalori 75. Kilo moja ya kuni kavu ingetosha lita 44, kama hakuna kinachopotea. Chemsheni maji juu ya mafiga, mpime kuni zilizotumika, mwone mmepata lita ngapi. Mara nyingi hazizidi lita sita. Zile lita nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda pembeni mwa mafiga, zimekwenda na moshi, zimepasha joto ukuta. Jiko la udongo lililozungushwa vizuri litarudisha nyingi katika hizo.

Wazee walipima kwa mkono, Lavoisier alipima kwa barafu, Dulong kwa jicho moja, Thornton kwa oksijeni, na kila mmoja aliongeza kidogo juu ya aliyotangulia kujua mwenzake. Sisi tumekwisha kuletewa hesabu iliyo tayari. Kilichobaki ni kuanika kuni kiangazi hiki, na kupanda mche mahali pa kila mti tunaoukata.